Kijana Wetu na Injini ya Ndege

Mtoto wa kiume akifungua redio na kushindwa kuifunga, mama hunung'unika kidogo, yakaisha. Kwetu mambo yalikwenda mbali zaidi. Mjomba alirudi kutoka Ujerumani na kumletea kijana wetu wa miaka 16 ndege ndogo ya kurusha kwa redio, yenye injini ya kweli ya mipigo minne. Majirani walitushauri tuiuze. Lakini kijana huyu kwa mwaka mzima alikuwa hatujibu ila "ndiyo" na "hapana", na sasa alikuwa na maswali. Tuliomba, tukaamua kwamba injini haitauzwa, wala haitawashwa bila mmoja wetu kuwapo.

Mafuta yake ndiyo yaliyotunyima usingizi. Si petroli, ni methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, mara nyingi yakiwamo ya nyonyo, pamoja na nitromethani kidogo. Hutiwa rangi, na yetu ni ya waridi kama sharubati. Wenye watoto wadogo wataelewa hofu yetu! Methanoli kidogo tu ikimezwa huweza kupofusha au kuua, na mtoto huweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa kabla ya dalili kutokea. Akimeza, ni hospitali papo hapo, bila kungojea. Tena ikishika moto juani, mwali wake hauonekani vizuri. Basi kopo hukaa katika sanduku la bati lenye kufuli, stoo ya nje, mbali na jiko, na halimiminwi kamwe katika chupa ya soda.

Injini za namna hii zina umri wa kutosha. Kampuni ya O.S. ya Japani ilitoa ya kwanza iliyotengenezwa kwa wingi mwaka 1976. Fundi wa pikipiki akiiona anaitambua: pistoni, vali, kabureta. Ila plagi haitoi cheche. Ina kijiwaya cha platini kinachopashwa moto kwa betri wakati wa kuwasha, kisha hubaki chekundu chenyewe.

Kuirekebisha ni kazi ya kusikiliza. Sindano ya kabureta ikizungushwa kulia hupunguza mafuta, kushoto huyaongeza. Injini ikishapata joto hufunguliwa hadi mwisho, ndipo sindano huzungushwa kulia kidogo kidogo, na baada ya kila mguso mtu husubiri. Sauti hupanda, hupanda, hadi ikome kupanda. Hapo kijana hutaka kuiacha, maana inalia kwa utamu. Hapana. Hurudishwa kushoto mpaka mizunguko ipungue kama 200 au 300 kwa dakika, na moshi mwembamba uonekane kwenye ekzosi.

Sababu yake ilitupendeza. Injini hii haina mahali pa kuwekea oili. Oili yake yote huja ndani ya mafuta. Ukiibania mafuta, umeibania na oili pia. Tena ndege ikipanda, tangi hubaki chini ya kabureta na mafuta hufika kwa shida. Injini yenye njaa hugonga, huzimika ghafla, na huweza hata kuitupa propela. Propela hiyo huzunguka karibu mara 9,000 kwa dakika! Kwa hiyo haiwashwi kwa kidole, ila kwa mashine ya kuwashia, sindano huguswa kutoka nyuma, na wadogo zake husimama nyuma kabisa.

Jumamosi moja uwanjani aliiacha kwenye ile sauti tamu. Baba yake hakusema neno. Alishika ndege, akaielekeza pua juu, injini ikiwa imefunguliwa yote. Sauti ikafifia, ikakohoa. Kijana akatutazama, akarudisha sindano kushoto, akaomba tuiinue tena. Safari hii haikuyumba. Siku hiyo njiani alizungumza mpaka tukafika nyumbani: habari za ndege kwanza, halafu shule, halafu rafiki aliyekuwa akimsumbua, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia kamwe.

Jioni humwaga mafuta yaliyobaki tangini, huiendesha injini mpaka ikauke, kisha huidondoshea oili, kwa kuwa methanoli huvuta unyevu na kutia beringi kutu. Hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mdogo wake. Ufunguo wa sanduku hutuletea mwenyewe.