Kabla Umwite Mvivu, Muulize Analala Aje

Kuna msemo unapendwa sana huku mtandaoni, ati maskini halali. Ukifungua simu saa hii utapata msee amevaa suti anakuambia matajiri huamka saa kumi alfajiri, na kama wewe bado uko kwa blanketi basi umaskini umejichagulia. Mimi naona hayo ni maneno ya uongo, na yanaumiza watu.

Hebu tupige hesabu. Mtu anaishi Kitengela, kazi iko Industrial Area. Anarauka saa kumi ndio apate matatu kabla barabara ijae. Jioni anafika kwake saa mbili, apike, afue, asaidie watoto na kazi ya shule, alale saa tano. Hayo ni masaa matano. Huyu sasa unataka arauke saa ngapi ndio umaskini umtoke?

Halafu kuna mabeshte wangu wa kazi za mtandaoni. Klienti yuko New York, na kwake ikiwa saa kumi na moja jioni, Nairobi ni saa sita ama saa saba usiku. Hao hulala kukipambazuka, wakati jirani anafungulia redio na watoto wa ploti wanaanza mpira kwa korido.

Mwaka wa 2015 wataalamu wa usingizi Marekani walikubaliana kwamba mtu mzima anahitaji angalau masaa 7 kila usiku. Ukikosa, mwili utachoka, sawa, lakini akili pia inalipa. 2007 watafiti wa hukohuko Marekani waliweka vijana wenye afya macho kwa karibu masaa 35, kisha wakawaonyesha picha za kuudhi huku mashine ikipima ubongo wao. Amigdala, ile sehemu inayoshughulika na hofu na hasira, ilichemka kwa asilimia 60 zaidi kuliko ya wenzao waliokuwa wamelala. Ndio maana ukikesha, makanga akikosa kukurudishia shilingi kumi unataka kupigana naye.

Hiyo ni upande wa kulala kidogo. Upande ambao hatuongelei ni wa kulala sana. Utafiti uliotoka 2022, wa watu karibu 500,000 Uingereza wenye umri wa miaka 38 hadi 73, ulipata kwamba waliolala kidogo na waliolala kupita kiasi wote walikuwa na dalili zaidi za wasiwasi na sonona. Sonona ni ile huzuni nzito inayokukalia hadi vitu ulivyopenda havina ladha. Waliokuwa afadhali ni wale wa kama masaa 7.

Hapo ndipo hii stori inanigusa. Nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Miezi iliyofuata nilikuwa nalala masaa kumi na moja, kumi na mbili, na bado naamka nimechoka. Watu wa kwetu walikuwa na jibu tayari: huyu ni mvivu, ndio maana hata chuo kilimshinda. Mjomba mmoja aliniambia nikiendelea hivyo nitaoa kitanda. Wote wakacheka. Mathe peke yake ndiye alikaa kando yangu siku moja akaniuliza, "Mwanangu, unalala ama unajificha?" Sikuwa na jibu, lakini nililia. Wiki iyo hiyo tukaenda pamoja kuongea na mshauri.

Sisemi kila mtu anayelala sana ni mgonjwa. Kuna wenye upungufu wa damu, kuna dawa zinaletea mtu usingizi, kuna mtu tu amekesha wiki nzima na analipa deni. Na masaa peke yake hayakuambii kilichoanza. Sonona inaweza kukunyima usingizi au kukulaza kutwa, na kukosa usingizi nako kunaweza kukusukuma kwa sonona. Lakini habari njema ni kwamba ukitibu usingizi, akili nayo hupata nafuu. Chuo Kikuu cha Oxford kilijaribu hiyo kwa wanafunzi 3,755 wa vyuo vya Uingereza na kutoa matokeo 2017. Wale waliopewa mafunzo ya kurekebisha usingizi walipungukiwa na wasiwasi na huzuni pia.

Kwa hivyo kama usingizi wako umebadilika kwa wiki mbili au zaidi, umepungua ama umezidi, na moyo nao ni mzito, usingoje uitwe mvivu ndio ushtuke. Nenda hospitali useme hivyo hivyo: silali, ama siamki. Na kama kuna wazo la kujidhuru, ambia mtu leo, si kesho.

Na wewe unayeishi na mtu kama huyo, punguza mizaha. Kama ni wa zamu ya usiku, zima redio mchana. Kama ni yule haamki, keti hapo kando umuulize ile swali mathe aliniuliza, halafu unyamaze akujibu. Akikosa jibu, usiende. Kaa tu.