Ngazi ya Bwana Binet

Kabla ya mwaka 1905 walikuwapo watu wengi waliotaka kuipima akili ya binadamu, lakini karibu wote walipima kitu kingine. Francis Galton, Mwingereza aliyependa kuhesabu kila kilichohesabika, alifungua chumba cha vipimo katika maonyesho ya afya mjini London mwaka 1884. Aliyetaka kupimwa alilipa peni tatu, akapimwa urefu, nguvu za mkono, wepesi wa ngumi, ukali wa macho na wa masikio, kisha akapewa karatasi yenye hesabu zake akaenda zake. Watu zaidi ya 9,000 walipita katika chumba hicho. Galton aliamini kuwa mwenye hisi kali ndiye mwenye akili nyingi, na kuwa akili hurithiwa kama pua ya ukoo. Mmarekani James McKeen Cattell aliishika njia hiyo, na mwaka 1890 akaipa kazi yenyewe jina la vipimo vya akili. Lakini mwaka 1901 mwanafunzi wake, Clark Wissler, alivilinganisha vipimo hivyo na alama za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, akaona kuwa havihusiani kwa lolote la maana. Mwepesi wa mkono hakuwa lazima awe mwepesi wa kuelewa.

Alfred Binet alianzia mahali pengine. Alizaliwa Nice mwaka 1857, akasomea sheria, akaiacha, akajifundisha mwenyewe elimu ya nafsi katika maktaba ya Paris. Yeye pia aliwahi kupima mafuvu ya wanafunzi, akaona kuwa tofauti alizozitafuta zilikuwa ndogo mno, na kuwa mkono wa mpimaji huvutwa kwa siri na matumaini yake. Hilo ni jambo ambalo wapimaji wachache wamekubali kulitazama. Nyumbani alikuwa na mabinti wawili, Madeleine na Alice, akawachunguza kwa subira ya miaka. Aliona kuwa watoto waliolelewa chini ya paa moja waweza kuwa wenye akili wote wawili, na kila mmoja awe na akili ya namna yake.

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliteua tume kutazama jambo lililokuwa likiwasumbua walimu. Sheria ilikuwa imewalazimisha watoto wote kwenda shule, na baadhi yao hawakuweza kwenda sawa na wenzao. Nani afundishwe katika darasa la peke yake? Lau uamuzi ungaliachwa kwa mwalimu peke yake, angaliweza kumtoa mtundu akambakisha mzito mtulivu. Binet, pamoja na daktari Théodore Simon, akatunga maswali 30, akaanza na yaliyo mepesi na kupanda hadi yaliyo magumu. La kwanza lilimtaka mtoto afuate kwa macho kiberiti kinachowaka. Katikati aliulizwa tofauti iliyopo baina ya nzi na kipepeo, au alirudia tarakimu alizotajiwa. La mwisho lilimtaka aeleze maneno ya dhana, mathalani huzuni na uchovu wa moyo vinatofautianaje. Mwaka 1908 maswali yalipangwa upya kwa umri, ili ijulikane mtoto wa miaka tisa amefikia kiwango cha watoto wa miaka mingapi.

Neno la Kifaransa alilolitumia Binet kuviita vipimo vyake maana yake ya kwanza ni ngazi. Yafaa neno hilo likumbukwe, kwa sababu ngazi huwekwa ili mtu apande. Binet hakusema kuwa amepima kitu kilichofungwa ndani ya kichwa tangu kuzaliwa. Alisema kuwa amepata njia ya kumjua mtoto anayehitaji msaada, na mwaka 1909 aliandika kwa hasira juu ya wale waliodai kuwa akili ya mtoto haiwezi kuongezeka. Kwa watoto waliobaki nyuma alitungiwa mazoezi. Mojawapo lilikuwa mchezo wa sanamu: watoto wote hukauka kama mawe mwalimu atoapo ishara, ili wajifunze kukaza nia kabla ya kujifunza kusoma. Alifariki mwaka 1911, naye ana miaka 54.

Ngazi ikavuka bahari kabla ya mwenyewe kufa. Henry Goddard, aliyesimamia uchunguzi katika nyumba ya watoto punguani huko Vineland, New Jersey, aliijua mwaka 1908 akaifasiri kwa Kiingereza. Goddard alikuwa mtu wa imani ya Galton. Aliwabunia watu waliopungukiwa kidogo jina la dharau alilolitoa katika neno la Kiyunani la ujinga, na jina hilo likawa tusi hata leo. Mwaka 1913 aliwapeleka wasaidizi wake kisiwani Ellis, walikoshuka wahamiaji kutoka Ulaya. Hebu msomaji amfikirie mkulima aliyetoka Urusi au Italia, ametoka kulala siku nyingi katika tumbo la meli, hajapata kushika penseli maishani mwake, anaambiwa kwa kinywa cha mkalimani achore umbo alilolionyeshwa mara moja. Katika Wayahudi, Wahungari, Waitalia na Warusi waliochaguliwa kupimwa, Goddard alitangaza kuwa karibu wanne katika kila watano ni punguani. Hesabu kama hiyo ingalimshtua mpimaji akakitilia shaka kipimo chake. Goddard aliwatilia shaka wahamiaji.

Mwaka 1912 Mjerumani William Stern aligawanya umri wa akili kwa umri wa miaka. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Stanford alizidisha jawabu kwa 100, na mtu akawa tarakimu moja. Mwaka uliofuata Marekani iliingia vitani, na Robert Yerkes akapewa ruhusa ya kuwapima askari. Waliopimwa walikuwa kiasi cha 1,750,000. Wajuao kusoma waliulizwa, pamoja na mengine, jina fulani la mafuta ya kupikia ni la dawa, la chakula, au la kitu cha kusafishia meno. Wasiojua kusoma walipewa picha zenye upungufu wajazie kilichokosekana: uwanja wa tenisi usio na wavu, gramafoni isiyo na pembe. Asiyepata kuuona uwanja wa tenisi alihesabiwa kuwa akili yake ndogo. Ilionekana hata hivyo kuwa wahamiaji walipata alama nyingi zaidi kadiri miaka yao ya kukaa Marekani ilivyozidi. Msomaji yeyote angalielewa kuwa kilichopimwa ni uenyeji. Carl Brigham wa Princeton, katika kitabu chake cha mwaka 1923, alieleza kuwa watu wa meli za zamani walikuwa wa mbegu bora.

Waliolipia makosa hayo walikuwa na majina. Carrie Buck alikuwa msichana wa Virginia aliyelelewa katika nyumba ya watu, akabakwa na jamaa wa walezi wake, akazaa. Mwaka 1924 alipelekwa katika makao ya punguani alimokuwamo mama yake. Kwa ngazi ya Binet alihesabiwa kuwa na akili ya mtoto wa miaka tisa. Mtoto wake mchanga, Vivian, alitazamwa usoni akiwa na umri wa miezi michache, ikaelezwa mbele ya mahakama kuwa hayuko sawa. Tarehe 2 Mei 1927, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wanane kwa mmoja, kuwa Virginia ina haki ya kumfunga uzazi, na mwaka huohuo akafungwa. Vivian aliingia shule, akafaulu, jina lake likaandikwa katika orodha ya wanafunzi bora mwaka 1931. Akafa kwa maradhi mwaka 1932. Carrie aliishi hadi 1983. Waliomjua uzeeni walisema kuwa alisoma gazeti na kupenda mafumbo ya maneno. Katika Marekani watu zaidi ya 60,000 walifungwa uzazi kwa sheria za namna hiyo.

Goddard aliyakana mengi katika aliyoyasema mwaka 1928. Brigham alikikana kitabu chake mwaka 1930. Ukweli wao usidharauliwe, ingawa majuto hayafungui uzazi uliofungwa.

Wakati huo vipimo vilikuwa vimefika Afrika. Mwaka 1932 R. A. C. Oliver alitoa Nairobi kipimo cha akili kilichotungwa kwa ajili ya Waafrika, na mwaka 1933 baadhi ya Wazungu wa mji huo walianzisha chama cha kuchunguza ubora wa mbegu za watu, daktari H. L. Gordon akidai kuwa ubongo wa Mwafrika una upungufu. London haikutoa fedha walizoziomba. Kazi iliyozaa matunda ilikuja baadaye, ikafanywa na watu waliokubali kusikiliza. Katika Liberia wakulima wa Kpelle walipewa vitu wavipange makundi. Waliweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu hukata chungwa, wakasema kuwa hivyo ndivyo afanyavyo mwenye busara. Mpimaji alipochoka akauliza mpumbavu angevipangaje, wakaweka chakula na chakula, zana na zana, sawasawa na jawabu alilolitaka.

Lugha zenyewe zilikuwa zimekwisha kusema. Mswahili hachanganyi akili na werevu, wala werevu na ujanja, na mwenye akili asiye na busara humwonea huruma. Mjaluo ana *rieko*, maarifa na ufundi, *luoro*, heshima, *winjo*, kuelewa, na *paro*, kufikiri na kuanzisha jambo. Ni *rieko* peke yake inayokaribia kile kinachopimwa darasani. Robert Sternberg na wenzake walikwenda Usenge, pwani ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, wakawauliza watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 juu ya dawa za miti: maradhi gani huponywa kwa dawa ipi, na hutumiwa kwa kiasi gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama chache zaidi katika vipimo vya msamiati. Watoto hao huishi na minyoo na malaria, na aghalabu hujitibu kwa majani wanayoyachuma wenyewe.