Maua ya Lilaki ya Mji wa Nancy

Nancy ni mji wa kale wa jimbo la Lorraine, mashariki ya Ufaransa. Wageni wengi huusifu kwa uwanja wake mkubwa uliojengwa kati ya mwaka 1752 na 1755, wenye malango ya chuma yaliyopakwa dhahabu. Lakini wapenda bustani huutaja mji huo kwa sababu nyingine, nayo ni ua la lilaki.

Mlilaki ni kichaka kirefu kupita mtu, chenye majani mfano wa moyo. Asili yake ni vilima vya mawe vya nchi za Balkani, nao ulifika Ulaya ya magharibi katika karne ya 16 ukitokea Istanbul. Baridi kali ikisha kupita, hutoa vishada vya maua madogo ya zambarau au meupe, na harufu yake tamu huenea bustani nzima.

Bwana Victor Lemoine alianzisha kitalu chake mjini Nancy mwaka 1850. Mwaka 1870 vita vikazuka baina ya Ufaransa na Prussia, na majeshi ya Wajerumani yakauteka mji. Katika dhiki hiyo Lemoine alianza kazi ya kuzalisha lilaki mpya, zenye petali nyingi. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, basi mkewe, Bibi Marie-Louise, ndiye aliyepanda ngazi na kutia chavua kwa mkono, ua baada ya ua. Mbegu walizopata zilikuwa chache mno, na miche ilikaa miaka kadhaa kabla ya kuchanua. Hata hivyo, kitalu hicho, kilichoendelezwa na mwana na mjukuu wao mpaka miaka ya 1950, kilitoa aina zaidi ya 200. Lilaki moja nyeupe ya mwaka 1890 ilipewa jina la Madame Lemoine, nayo hupandwa hata leo.

Atakaye kupanda mlilaki nyumbani huchagua mahali penye jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku, na udongo usiotuamisha maji wala usio na uchachu. Kosa la wengi ni kupogoa wakati usiofaa. Matumba ya mwaka ujao huanza kufanyika mara tu maua yakisha kunyauka. Kwa hiyo mti hupogolewa wakati huo huo. Akataye matawi wakati wa baridi hukata maua yote aliyokuwa akiyangojea. Mashina makuukuu huondolewa machache kila mwaka, ili machipukizi ya chini yashike nafasi yake.

Tena mlilaki hauchanui vyema pasipo miezi ya baridi kali ya kuyaamsha matumba yake. Ndiyo sababu haustawi katika nchi zilizo karibu na ikweta, hata mwenye shamba akiwa hodari namna gani.

Wenye bustani wa Nancy walijua kuungoja mti. Subira huvuta heri.