Nyuma ya Uzio wa Mabati

Ndugu msomaji, ukitaka kuufahamu mji wa Dar es Salaam usianzie ufukweni, wala kwenye maghorofa ya katikati ya mji. Anzia katika mtaa wa kawaida, alfajiri, wakati mama lishe wanakoleza moto na vijana wanasukuma mikokoteni ya maji. Twende basi katika mtaa mmoja wa namna hiyo, ambao ndimo ninamoishi. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa nia yangu si kumtia mtu aibu.

Mtaa wetu bado una nyumba za Kiswahili za asili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo, na mbele baraza ya kuketi. Mbili kati ya nyumba hizo ziliuzwa, zikabomolewa. Siku chache baadaye tuliamka tukakuta kiwanja chote kimezungushiwa uzio wa mabati marefu kupita kimo cha mtu, na mlinzi ameketi mlangoni. Usiku malori yakawa yanaingia na kutoka. Ukimuuliza mlinzi kinachojengwa, hujibu kwamba yeye analinda tu.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Basi barazani yakasemwa mengi. Huyu alisema ni kituo cha mafuta, yule akasema ni gesti itakayotuharibia watoto. Fundi cherehani wetu aliapa kwamba mwenye kiwanja anafukua mali iliyozikwa na Wajerumani, na ndiyo sababu ya kufanya kazi usiku. Watoto nao walipanga foleni kuchungulia kwenye matundu ya misumari, na kila mmoja alirudi na habari yake.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka. Ni bibi mjane, ambaye nyumba yake imepakana na uzio ule. Alituita ndani akatuonyesha ukuta wa chumba walimolala wajukuu zake. Ufa ulianzia dirishani ukashuka hadi sakafuni, nao ulitosha kuingiza kidole. Tangu siku ile wajukuu walilala ukumbini.

Tukaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Yeye akatupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye alitupokea kwa heshima akasema mambo ya vibali yako kwa mtendaji. Mtendaji akasema hayo ni ya ngazi ya juu. Huko juu tulitia saini katika daftari la wageni, tukaketi kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa sita, kisha karani akatuarifu kwamba mwenye faili yuko semina. Tuliporudi tuliambiwa tuandike barua. Tulipoileta barua tuliambiwa ilipaswa kupitia kwa mtendaji. Kwa mtendaji, mhuri ulikuwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa msibani. Mara tatu tukaambiwa, "Njooni Jumatatu."

Huenda ukauliza, ndugu msomaji, kwa nini raia ajisumbue na kiwanja kisicho chake. Panda basi twende Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Huko nako zilikuwako nyumba za baraza kama zetu, na nyingi zimekwisha kupisha maghorofa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka Kariakoo likaua watu zaidi ya 20. Miaka 11 kabla ya hapo, tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa bado likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi lilianguka likaua watu 36, wakiwamo watoto. Jengo likianguka halichagui kati ya mwenye kiwanja na jirani yake.

Sheria haikumwacha jirani huyo mikono mitupu. Taratibu za ujenzi zinataka kibao kiwekwe mahali pa kuonekana, chenye majina ya mwenye mradi, mkandarasi na wataalamu wanaosimamia kazi. Aidha, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa ofisa siku zisizozidi 30 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa.

Jibu letu halikutoka ofisini. Lilitoka kwa mama lishe aliyeanza kupeleka wali na maharage kwa vibarua. Alirudi na sufuria tupu na habari kamili: kibao kipo, tena kikubwa, ila kimesimamishwa ndani ya uzio, kikiutazama mchanga. Kimeandikwa jengo la ghorofa nne, maduka chini na nyumba za kupangisha juu, pamoja na namba ya kibali. Kumbe ofisi iliyotuzungusha wiki nzima ndiyo iliyotoa kibali hicho!

Wazee wetu waliomba kuonana na mhandisi aliyetajwa kwenye kibao. Alikuja, akauona ufa, akasimamisha uchimbaji wa upande ule hadi ukuta wa bibi ulipoegemezwa nguzo. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Kibao nacho kikahamishiwa barabarani.

Ndugu msomaji, waliosema hazina ya Wajerumani hawakuwa wajinga. Walinyimwa habari, wakajitengenezea ya kwao. Kuuliza si ujinga, na mtumishi anayeulizwa hajatukanwa. Ukiona uzio umesimama mtaani kwako bila kibao, nenda na jirani zako mkaulize. Andikeni barua, na nakala yake iwekeni tarehe. Siku zile tulizokuwa tukiambiwa njooni Jumatatu, ufa wa bibi haukungoja Jumatatu.