Fundi wa Nyamisati na Wateja Wake wa Usiku

Suruali ya mwenye matende haikatwi kama nyingine. Mguu uliovimba hupimwa pajani, chini ya goti na kwenye kifundo, kisha kitambaa huachiwa nafasi, kwa sababu mguu wa jioni si mguu wa asubuhi: ukishinda umesimama, huvimba zaidi. Mshono wa nje nao haufungwi hadi chini. Huwekewa vifungo, ili mwenyewe aweze kuosha ngozi na kuikausha bila kuvua nguo yote. Hayo hayamo katika masomo ya ushonaji. Mwandishi wa makala haya, ambaye ndiye fundi mwenyewe, aliyajua kwa kuulizana na wateja wake, kwenye kibaraza cha duka lisilo lake, kijijini Nyamisati, ukingoni mwa delta ya Rufiji.

Wateja hao walikuja baada ya sala ya isha. Kupimwa mchana, mbele ya watu wanaokunywa kahawa, hawakutaka. "Fundi, mimi nipime mwisho," aliomba mvuvi mmoja mtu mzima. "Karibu mzee wangu," fundi akamjibu, "koroboi yangu haioni mbali." Mzee akacheka, akaketi. Tangu siku hiyo alileta wengine, na wenye mabusha wakaanza kuja kushona kanzu pana.

Matende na mabusha huletwa na minyoo wanaoenezwa na mbu, na pwani hii inawajua tangu zamani. Kampeni ya taifa ya kugawa dawa ilianzia Mafia, ng'ambo tu ya Nyamisati, mwaka 2000, kisha ikavuka kuja bara. Dawa hupunguza maambukizi, lakini haiurudishi mguu uliokwisha kuharibika. Kwa hiyo watoto wa delta wana nafasi nzuri ya kukua salama, na babu zao wanaendelea kuhitaji suruali.

Fundi mwenyewe ana mguu mmoja uliokauka kwa polio. Aliugua akiwa mtoto mdogo, kabla ya mwaka 1975, Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa chanjo. Waliozaliwa nyuma yake walipata matone. Kirusi cha asili cha polio kilionekana nchini kwa mara ya mwisho mwaka 1996, na mwaka 2015 nchi ikathibitishwa kuwa imekitokomeza. Vijana wa leo hawamjui mtoto aliyeugua polio. Wanamjua fundi.

Ushonaji aliusomea Yombo, Dar es Salaam, katika chuo cha serikali cha watu wenye ulemavu kilichofunguliwa mwaka 1973. Huko aligundua kwamba cherehani ya kukanyaga haidai miguu miwili: mguu mmoja mzima ukishalizoea kanyagio, gurudumu linazunguka. Sheria ya mwaka 1982 ilikuwa ikimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi atenge asilimia 2 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Kijana akaenda na hesabu hiyo kichwani hadi kiwanda kimoja cha nguo. Msimamizi alimsikiliza kwa adabu, akalitazama gongo, akasema pole sana, mashine ziko ghorofani. Fundi akazipanda ngazi zile mbele yake, akashuka. Kazi hakupata.

Alirudi kwao na cherehani juu ya paa la basi, enzi ambazo masika yakiingia mabasi ya kusini yalilala njiani.

Delta ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote katika pwani ya Afrika Mashariki, na ndani yake wamo watu wanaolima mpunga, wanaovua kamba na kutega kaa. Ukitoka Nyamisati kwenda Mbwera au Msala, barabara yako ni maji. Maji yakitoka, chombo hukaa mbali na nchi kavu, na kati yake ni tope. Mwenye miguu yake hukunja suruali akatembea. Mwenye gongo, gongo linazama. Kiti mwendo ndiyo kabisa, magurudumu ya mbele hayafiki popote.

Basi hubebwa. Fundi alibebwa mgongoni akiwa kijana asiye na mke, akaendelea kubebwa akiwa baba wa watoto, wabebaji wakibishania ujira naye yuko juu, anasikia. Wapo waliochoka na hali hiyo wakaacha kusafiri. Mama mmoja asiyeona, fundi hodari wa mikeka ya ukindu, aliuza kazi yake kijijini kwa bei yoyote aliyotajiwa, si kwa kukosa soko mjini Kibiti, bali kwa kukosa pa kukanyaga kati ya mtumbwi na nchi kavu.

Kwa hiyo sheria mpya ilipokuja, fundi aliisoma kwa jicho la abiria. Sera ya taifa kuhusu ulemavu ilikuwa imetoka mwaka 2004. Mwaka 2009 Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sasa mwajiri mwenye watu 20 au zaidi alitakiwa awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu, na majengo ya umma yafikike. Mwaka huohuo wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Habari ilipofika kibarazani, baba mmoja aliyekuwa akimficha binti yake mwenye ualbino alimleta apimwe sare ya shule, yenye mikono mirefu, na kofia ya ukingo mpana wa kukinga jua.

Sheria hiyo iliagiza pia kamati za watu wenye ulemavu, kuanzia kijijini. Fundi akawa katibu, kwa kuwa ana daftari na huandika vipimo. Kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu watu, na haikuwa rahisi: nyumba nyingine zilijibu kuwa hakuna mtu, ilhali nguo za mtu huyo zilishonwa na katibu mwenyewe. Sensa ya 2022 imeonyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Hakuna kijiji cha delta kinachoweza kusema hakimo.

Mambo mawili yamebadilika kweli. Zamani makao makuu ya wilaya yalikuwa Utete, ng'ambo ya Mto Rufiji; hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa barabara ya kusini alivuka Ndundu kwa kivuko. Kibiti ilipofanywa wilaya, safari ya kufuata saini ilifupika. La pili ni gati la Nyamisati na kivuko cha MV Kilindoni kiendacho Mafia. Siku hizi fundi anakwenda Mafia kwa gongo lake, bila kuguswa na mtu. Kwenda Mbwera bado anabebwa.

Halafu kuna mikopo. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fundi, mama wa mikeka na kijana kiziwi anayeshona nyavu waliunda kikundi. Walikuwa bado wanahangaikia fomu wakati mikopo iliposimamishwa nchi nzima, Aprili 2023. Ilirejeshwa mwaka 2024, nao wakaanza upya.

Mwaka huohuo, Aprili, mafuriko makubwa yaliingia Rufiji na Kibiti. Tangazo la kuhama likipitia kipaza sauti cha msikiti, kiziwi halisikii. Mtumbwi wa kuokoa ukija, asiyeona hajui umesimama wapi. Kamati ikarudi kwenye daftari la fundi, ikaandika mbele ya kila jina nani atamgonga mlango na nani atamshika mkono. Orodha hiyo ipo, na kila masika inasomwa.

Madiwani wa Kibiti wanaombwa mambo matatu: kila bandari ya kijiji iwe na ngazi ya mbao yenye kishikio, inayofika majini hata maji yakiwa yametoka, fomu za asilimia 2 zipande boti ziwafuate watu vijijini, na kila kijiji kiwe na orodha ya mafuriko. Mbao zipo, mafundi wa kuunda madau wapo. Kilichobaki ni kifungu katika bajeti ya halmashauri.