Mungu Anayeweza Kufufua Jalada

Mungu wa vita ni kazi ya dakika kumi. Mpe upanga, mpe sauti ya radi, waumini wake wakipigana wasichoke haraka, umemaliza. Mungu wa mavuno hali kadhalika. Hata mungu wa wezi, ambaye kwa kweli ndiye mtamu kuliko wote kumtunga, hasumbui: giza, kufuli, bahati. Anayekukesha mpaka saa nane usiku ni mungu wa haki.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: nazungumzia michezo ya kuigiza ya mezani, ile ambayo mama yao ni Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974. Watu wanne au watano wanakaa pamoja, kila mmoja ana mhusika wake, na mmoja anakuwa msimulizi anayeushika ulimwengu wote uliobaki. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafanikiwa, inarushwa dadu, mara nyingi ile ya pande 20. Ni kama hadithi za bibi, ila hapa wajukuu wanaruhusiwa kumkatiza bibi na kusema, "Mimi namrukia huyo zimwi mgongoni." Na bibi inabidi akubali, wairushe dadu, waone.

Sisi tunacheza kwa Kiswahili, Jumamosi mbili kwa mwezi, sebuleni kwangu hapa Dar. Msimulizi ni mimi. Wachezaji ni daktari wa meno, mwalimu wa fizikia, kijana anayetengeneza simu Kariakoo, na dada mmoja mhasibu. Tulianza kwa kugombana juu ya maneno. Nguvu anazopewa kuhani na mungu wake tuziiteje? Nilisema "uchawi", meza nzima ikanikatalia, Waislamu na Walutheri kwa sauti moja. Tukakubaliana "karama". Neno zuri, maana karama mtu anapewa, hajitengenezei.

Na hapo ndipo kazi ilipo. Katika mchezo huu, mungu hajulikani kwa sifa zake bali kwa kile ambacho kuhani wake anaweza kukifanya mezani. Unaweza kuandika kurasa tatu kwamba mungu fulani ni mwadilifu. Kama karama pekee anayotoa ni kupiga watu nyundo, basi ni mungu wa nyundo.

Sitanii. Fungua kitabu cha mchezaji cha toleo la tano, cha mwaka 2014, nyuma kwenye orodha ya miungu. Yupo Tyr, mungu wa haki, nembo yake mizani juu ya nyundo ya vita. Kila mungu amepangiwa nyanja inayoamua karama za makuhani wake. Tyr amepewa vita. Nyanja zilikuwa saba: maarifa, uhai, nuru, asili, tufani, hila na vita. Hila ina nyanja yake kamili, haki haina. Baadaye, mwaka 2018, kikatoka kitabu kingine chenye nyanja ya utaratibu, na wengi wakasema basi, hiyo ndiyo ya haki. Utaratibu! Mtu yeyote aliyewahi kuambiwa "fuata utaratibu" kwenye dirisha la ofisi anajua kwamba ukoo wa hayo mawili si wa karibu kiasi hicho.

Karama ambayo wachezaji wengi huifikiria wakisikia haki ni ile ya duara la ukweli. Kuhani anachora duara lisiloonekana, nusu kipenyo chake futi 15, linadumu dakika 10. Aliyemo ndani, akishindwa na dadu, hawezi kusema uongo kwa makusudi. Anaweza kunyamaza, au kuzungukazunguka bila kutoka nje ya ukweli, lakini uongo mtupu hautoki. Inasikika kama ndoto ya kila hakimu.

Mimi nimeripoti mahakamani miaka sita, na nitasema nilichokiona. Ni mara chache kesi inakwama kwa sababu hakuna anayejua ukweli. Mara nyingi ukumbi mzima unaujua, mpaka mama anayeuza maandazi nje ya geti anaujua. Kesi inakwama kwa sababu hakimu ana udhuru. Wakili wa upande wa pili anaumwa. Shahidi hakupata wito. Upelelezi haujakamilika. Jalada halionekani. Hakuna hata sentensi moja kati ya hizo iliyo lazima iwe uongo! Zisome zote ndani ya duara la ukweli, duara halitatikisika.

Watu wa kale nao waliwatuma miungu wao kutafuta mwongo. Mesopotamia mungu wa haki alikuwa Shamash, ambaye pia ndiye jua, kwa hoja nzuri tu kwamba jua linaona kila kitu. Ndiye aliyechongwa juu ya jiwe la sheria za Hammurabi. Sheria ya pili ya jiwe hilo inamtupa mtuhumiwa wa uchawi mtoni: akizama, aliyemshtaki anachukua nyumba yake, akitoka salama, mshtaki anauawa na nyumba yake inahamia kwa mtuhumiwa. Misri ya kale moyo wa marehemu ulipimwa mizanini dhidi ya unyoya. Mizani ya haki kabisa, tatizo ni kwamba ulikuwa lazima ufe kwanza. Na pwani yetu kulikuwa na viapo, cha mchele, cha shoka la moto, vyote vikiuliza swali lile lile: nani anadanganya?

Basi tulipoanza kumtunga mungu wetu, daktari wa meno alitaka radi. Mwenye hatia apigwe hapo hapo, kila mtu aone. Nilikataa, tukabishana mpaka wali ukapoa. Hoja yangu ilikuwa hii: ili radi impige mwenye hatia, lazima kuwe na mtu anayejua mwenye hatia ni nani. Mezani mtu huyo ni msimulizi. Kwa hiyo radi ya mungu inakuwa maoni yangu mimi, yameongezewa kishindo. Wachezaji wangekaa wananitazama usoni kama watu wanaosubiri hukumu, na kwa kukaa hivyo sina haja ya kuwaita Jumamosi, nawaona kazini.

Mhasibu alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akauliza, "Huyu mungu anaweza kufufua?"

Nikamwambia ndiyo, makuhani wa ngazi za juu hufufua wafu, ni kawaida.

"Sisemi watu," akasema. "Jalada."

Tulicheka. Yeye hakucheka sana. Familia yao ina kesi ya kiwanja iliyoanza yeye akiwa kidato cha pili. Jalada limepotea mara mbili. Baba yake ameshafariki, kesi bado ipo.

Hapo ndipo mungu wetu alipozaliwa. Tulimwita Kadamnasi, kwa sababu tulikubaliana kwamba karama zake zifanye kazi mbele ya watu tu. Faraghani kuhani wake ni mtu wa kawaida kama wewe. Na Kadamnasi hahukumu. Hicho kipengele mwalimu wa fizikia alikipinga kwa wiki nzima kwenye WhatsApp, akisema mungu wa haki asiyehukumu ni kama dafu lisilo na maji. Nikamjibu kwamba kuhukumu watu wanaweza. Wanachoshindwa ni kufika siku ya hukumu.

Karama ya kwanza ni Wito. Kuhani anataja hadharani jina la mwenye mamlaka na shauri linalomngoja. Mtajwa anaweza kukataa kuja. Ila tangu saa hiyo, kila anayekutana naye anajua kwamba ameitwa na hajaenda: muuza kahawa, mlinzi wake, mkwe wake. Hakuna kurusha dadu. Kijana wa Kariakoo alisema hiyo si karama, hiyo ni mtaa.

Ya pili ni Kikao. Kuhani akisimama viganja wazi, hakuna aliye ndani ya umbali wa sauti yake anayeweza kuchomoa silaha wala kuondoka mpaka mlalamikaji amalize kusema. Hapa mkubwa anarusha dadu, apate nafasi ya kuchomoka.

Ya tatu ndiyo ya mhasibu. Andiko lolote la malalamiko, liwe limechomwa, limezamishwa au limeliwa na mchwa, linarudi kama lilivyokuwa, kila ukurasa, hata ule unaomuumiza mlalamikaji mwenyewe. Gharama yake: kuhani hawezi kudanganya mpaka shauri liishe. Kwa kundi letu, ambalo nusu ya kipato chake kinatokana na kudanganya walinzi wa forodha, hiyo ni gharama kweli.

Tuliijaribu kwenye hadithi ya liwali aliyewanyang'anya wavuvi pwani yao. Mhasibu alimwita kwa Wito. Liwali akavumilia siku nne za hadithi, siku ya tano akaja. Kikao kikashika, dadu ya liwali ilitoa tatu. Akalifufua jalada kutoka kwenye majivu ya ghala. Nikampa karatasi aisome kwa sauti. Nilikuwa nimeiandika mapema, kwa sababu majalada halisi ndivyo yalivyo: ukurasa wa sita ulionyesha kwamba mzee wa wavuvi mwenyewe aliwahi kuuza kipande cha kusini, akatia dole gumba.

Akaacha kusoma. Daktari wa meno akasema, dada, ruka huo ukurasa, nani atajua. Mhasibu akatazama karatasi yake ya mhusika, pale ilipoandikwa kwamba hawezi kudanganya. Kisha akausoma wote mpaka chini. Sikumbuki mchezo mwingine ambao meza yangu ilinyamaza vile bila mtu kufa.

Wazee watatu wa mji waliamua. Wavuvi walirudishiwa upande wa kaskazini, kusini wakakosa. Mwalimu wa fizikia alikasirika kabisa, alitaka pwani yote. Mhasibu aliandika matokeo kwenye daftari lake, tarehe na majina, kwa mwandiko wake ule wa vitabu vya hesabu.

Wakati tunakusanya vikombe akaniuliza, na mlalamikaji akifa katikati, je? Kwenye sheria za kweli anaingia msimamizi wa mirathi, na huyo naye lazima kwanza ateuliwe na mahakama, yaani shauri jingine kabla ya kurudi kwenye shauri lenyewe. Yeye analijua hilo kuliko mimi. Tukakaa tena. Tukaandika karama ya nne: mlalamikaji akifa, maneno yake yanabaki mahali aliposimama mara ya mwisho kuyasema, na mtoto wake akisimama hapo yatasikika kwa sauti ya marehemu, mara moja tu.

Daktari wa meno anaona ni nguvu mno kwa kuhani mchanga. Tumeiweka ngazi ya tano. Mhasibu kwa sasa yuko ya nne.