Barua kutoka Houston: Gari limegongwa limeegeshwa, nani analipa?

Gari lililoegeshwa likigongwa, ubishi wa nani mwenye kosa huisha mapema. Ubishi wa malipo ndio huanza. Iwe Houston au Lushoto, aliyegonga anaweza kuwa na bima halali na bado fedha zisitoshe kulitengeneza gari aliloliharibu. Mwenye gari hubaki na sehemu tatu za kutafuta fidia yake: bima ya aliyegonga, bima yake mwenyewe, na mwisho mfuko wa aliyegonga.

Sheria ya jimbo la Texas inamtaka kila dereva awe na bima ya kulipia mali ya wengine isiyopungua dola 25,000. Kiasi hicho ni cha ajali nzima, si cha kila gari lililoharibiwa. Katika mtaa wa Alief, kusini-magharibi mwa Houston, ambako wanaishi Waafrika wengi, si ajabu kukuta magari yamelala kando ya barabara yakiwa yamefuatana. Tuseme pikapu imeacha njia usiku na kugonga matatu. La kwanza linahitaji matengenezo ya dola 18,000, la pili 9,000, la tatu 8,000. Jumla ni 35,000. Kampuni ya bima ya mwenye pikapu, ambaye alikata kima cha chini, itatoa 25,000 na kuishia hapo. Dola 10,000 zinabaki bila mlipaji, na wenye magari watatu wanagawana upungufu huo.

Kwa hali kama hiyo Texas ina kinga maalumu dhidi ya madereva wasio na bima au wenye bima isiyotosha. Kampuni inalazimika kumpa mteja nafasi ya kuichukua kinga hiyo, na asiyeitaka sharti akatae kwa maandishi. Mhamiaji anayetafuta bima ya bei nafuu anaweza kutia saini ya kukataa bila kujua amekataa nini. Aliyeichukua hubeba dola 250 za mwanzo, na zilizobaki hulipwa na kampuni yake hadi kikomo cha mkataba. Mwenye bima kubwa naye hutengenezewa gari na kampuni yake, kisha kampuni hiyo humdai mkosaji kwa niaba yake.

Asiye na kinga yoyote huenda mahakamani. Mahakama ndogo za Texas husikiliza madai yasiyozidi dola 20,000, nayo hufunguliwa ndani ya miaka 2. Hata hivyo hukumu si fedha mkononi. Texas hairuhusu mshahara wa mtu ukatwe kwa deni la kawaida kama hili, hivyo mshindi wa kesi dhidi ya mtu asiye na mali anaweza kuondoka na karatasi tu.

Nyumbani Tanzania, pengo linaanzia kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu, lakini kiini chake ni kifo na majeraha. Bati lililobonyea na taa iliyovunjika hulipwa kwa masharti ya mkataba wa bima, na mkataba una kikomo. Bima ndogo ya gari binafsi, inayojulikana kwa shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na kodi, humlipia mwenye gari madhara aliyowafanyia wengine. Gari lake mwenyewe hailigusi. Bima kubwa hutozwa kwa thamani ya gari, kwa kawaida asilimia 3.5. Kwa Noah ya shilingi milioni 15 hiyo ni 525,000, na pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ni 619,500. Wengi huikwepa kwa sababu ya tofauti hiyo ya bei.

Milima ya Usambara huongeza hatari yake. Barabara ya kutoka Mombo hupanda kwa kona kali kupitia Soni hadi Lushoto mjini, na Fuso za kabichi, karoti na viazi hushuka nayo kwenda sokoni. Mahali pa kuegesha mara nyingi ni mteremko. Fuso iliyoachwa bila jiwe nyuma ya tairi, breki ya mkono ikilegea, huserereka yenyewe na kuibana Noah iliyosimama chini yake.

Hapo kazi ya kwanza ni ushahidi, kabla gari lolote halijasogezwa. Picha zionyeshe namba za magari yote mawili, matairi yalipo, alama barabarani, na mteremko wenyewe. Majina na simu za mashahidi zichukuliwe papo hapo: mama lishe wa jirani, vijana wa bodaboda wa kijiwe kile. Askari wa usalama barabarani aitwe achore ramani ya ajali, na gari likaguliwe, kwa kuwa kampuni ya bima itadai ripoti ya polisi. Bima ya Fuso ihakikiwe kwa namba ya gari katika mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Kadi ya gari nayo iangaliwe. Dereva wa Fuso mara nyingi ameajiriwa, na tajiri wake huwajibika kwa kosa alilolifanya akiwa kazini. Mwenye uwezo wa kulipa upungufu wa bima mara nyingi ni tajiri huyo. Tatizo ni kwamba magari huuzwa bila kubadilisha kadi, na jina lililoandikwa linaweza kuwa la aliyekwisha kuliuza zamani.

Wengi hupenda kumalizana bila polisi. Si vibaya, mradi makubaliano yaandikwe kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, yakiwa na kiasi, tarehe za malipo na saini za mashahidi. Uangalifu mkubwa unahitajika kwenye hati ya malipo kamili. Kampuni ya bima ikilipa milioni 2 kwa hasara ya milioni 3, hati inayosema deni lote limekwisha inaweza kuifuta ile milioni 1 ambayo tajiri wa Fuso alipaswa kuijazia.

Hasara lazima ihesabike. Mahakama za Tanzania zina msimamo mkali kwamba hasara mahususi itajwe kwenye madai na ithibitishwe. Vipuri na ufundi viwe na risiti za EFD. Ikiwa Noah ni ya abiria, hesabu iliyokosekana kila siku gari likiwa gereji idaiwe pia, kwa daftari la hesabu za miezi iliyotangulia. Kesi ya madhara ya aina hii hufunguliwa ndani ya miaka 3, na Mahakama ya Wilaya iko Lushoto hapohapo. Mteja asiyeridhika na kampuni yake ya bima anaweza kumwendea Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Hatua zote hizo hufuata ajali. Iliyo mikononi mwa mwenye gari kabla ya ajali ni moja tu, bima yake mwenyewe, kwa kuwa bima ya anayemgonga hana namna ya kuichagua. Kwa hiyo ndugu wa Lushoto, Soni, Bumbuli na Mlalo wanaokwenda kukata bima mwaka huu wamuulize wakala maswali mawili, na watake majibu kwa maandishi: gari likigongwa limeegeshwa na aliyegonga hana cha kutosha, mkataba huu utalipa kiasi gani, na mteja atabeba kiasi gani mwenyewe?